Shajara ya mradi: kufungua dawa kwa mionzi

Wiki ya 1

Naanza shajara hii kwa sababu daftari la maabara halina nafasi ya kulalamika. Lile linataka tarehe, ujazo na saini. Humu nitaweka tunachofikiri, tulipokosea, na jinsi tulivyogundua kwamba tumekosea.

Mradi wenyewe ni huu: dawa ya saratani imefungwa ndani ya kifuko kidogo cha mafuta, na tunataka kifuko kifunguke pale tu mionzi ya tiba inapopita. Mgonjwa angedungwa dawa ikiwa bado imefungwa, ikazunguka mwilini bila kumdhuru, kisha mashine ya mionzi ikaumulika uvimbe na dawa ikamwagikia humo.

Kinachovutia ni kwamba watu wa mionzi wanajua kulenga. Wanaupiga uvimbe kwa usahihi wa milimita. Kemo, yaani tiba ya dawa za kuua saratani, haina shabaha. Ikishaingia mshipani inafika popote damu inapofika, hadi kwenye mizizi ya nywele na kwenye uboho. Na dawa yetu, doksorubisini, ina kisa chake. Inaharibu misuli ya moyo, na uharibifu huo unajumlishana dozi kwa dozi, ndiyo maana madaktari huhesabu jumla aliyopewa mgonjwa tangu aanze na huogopa wanapokaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Ni dawa nyekundu kama sharubati. Ukishaiona ndani ya bomba la sindano huisahau.

Kuifunga ndani ya liposomu, yaani hicho kifuko cha mafuta, si jambo jipya. Doxil, doksorubisini iliyofungwa hivyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 na moyo ukapata nafuu. Tatizo la vifuko vya aina hiyo ni uaminifu wao: vinaishika dawa hata vikiwa vimeshafika kwenye uvimbe, na kuitoa vinaitoa kwa kudondosha. Kwa hiyo kufunga watu wanakujua vizuri. Kufungua kwa amri ndiko kunakosumbua.

Wapo waliojaribu kufungua kwa joto. ThermoDox ilikuwa liposomu ya doksorubisini ambayo utando wake hulegea kwenye nyuzijoto 40 na ushei, na wazo lilikuwa safi kabisa. Mwaka 2013 jaribio lake kubwa la saratani ya ini halikufikia lengo lililowekwa. Nimeliandika hili ukurasa wa kwanza makusudi, ili siku nikipata mchoro mzuri nisivimbe kichwa.

Wiki ya 2

Sijagusa pipeti. Msimamizi wangu alisema, "Niletee hesabu kwanza. Mionzi inatupa nini hasa?"

Nikaanza na joto. Grei 1 ni joule 1 kwa kilo 1. Siku moja ya tiba ya kawaida ni grei 2. Ili kilo moja ya maji ipande nyuzijoto moja inahitaji joule kama 4,200. Kwa hiyo grei 2 zinapandisha joto la uvimbe kwa chini ya elfu moja ya nyuzi. Dozi inayoua seli haiwezi hata kuyatoa maji ubaridi. Njia ya joto imefungwa, na nimefurahi imefungwa kwa mstari mmoja wa hesabu badala ya miezi mitatu.

Kilichobaki ni kemia. Mionzi ikipita majini inavunja molekuli za maji, na vinatoka vipande vyenye njaa. Kimoja ni radikali ya haidroksili, ambayo hunyakua elektroni au haidrojeni kwa yeyote inayekutana naye. Kingine ni elektroni huru iliyozingirwa na maji, ambayo nayo hutafuta wa kumwangukia. Kila joule hutoa haidroksili takriban mikromoli 0.28, na elektroni karibu kiasi hicho hicho. Zidisha kwa grei 2 unapata mikromola 0.56. Tiba nzima ya grei 60, ambayo huchukua wiki sita, ni karibu 17.

Nilipeleka karatasi nikiwa nimenywea. Nusu ya mikromola! Tena hapo umehesabu kana kwamba kila kipande kinaenda moja kwa moja kwenye dawa yako bila kusimamishwa njiani. Ukitumia utaratibu wa kipande kimoja kufungua molekuli moja ya dawa, basi dawa hiyo lazima iwe kali mno, ya kuua kwa nanomola. Wapo wanaokwenda njia hiyo na si wajinga.

Liposomu moja ya nanomita 100 lakini inabeba molekuli za doksorubisini kati ya 10,000 na 15,000. Msimamizi aliitazama hesabu, akaweka kalamu mezani. "Basi mionzi hatuitumi ikabebe magunia. Tunaituma ikafungue ghala."

Wiki ya 3

Kusoma tu. Naandika waliotutangulia ili nisije nikadai nimevumbua.

Kyoto, miaka ya 1990, waliifunga dawa ya saratani iitwayo 5-fluorourasili kwa kipande kinachokatwa na elektroni. Edinburgh, mwaka 2021, waliitumia eksirei kugeuza kundi la azidi (atomi tatu za nitrojeni zilizoshikana) na kuamsha dawa, doksorubisini ikiwa mojawapo. Beijing walitengeneza polima, yaani molekuli ndefu za mnyororo, zenye seleniamu mbili zilizoshikana. Kifungo hicho ni dhaifu, kama kilojoule 172 kwa moli, na mionzi ya gama inakikata. Australia, mwaka 2018, waliweka chembe za dhahabu pamoja na verteporfini, dawa inayoamshwa na mwanga, ndani ya utando wa liposomu, wakapiga eksirei ya grei 4, na utando ukaharibika ukaachia mzigo.

Hao wa mwisho ndio jirani zetu wa karibu. Tofauti yetu ni kwamba sisi tunataka kuona kwanza utando mtupu unaweza kufanya nini, bila dhahabu, kwa kutumia jambo ambalo kila aliyewahi kuhifadhi mafuta analijua: mafuta huchacha, na yakishaanza kuchacha hayasubiri.

Wiki ya 4

Hesabu moja tena, halafu kazi.

Kifuko kimoja kina molekuli za lipidi, yaani mafuta ya utando wake, kama 80,000. Tukipunguza mchanganyiko wetu hadi milimola 1 ya lipidi, vifuko vyenyewe vinakuwa kama nanomola 12 hivi. Grei 2 zinatoa nanomola 560 za haidroksili. Ina maana kila kifuko kinaangukiwa na radikali zisizofika 50, endapo zote zitafika. Hamsini kati ya themanini elfu. Huwezi kubomoa ukuta kwa kung'oa tofali moja katika kila elfu moja na mia sita.

Isipokuwa ukuta wenyewe uwe wa kuambukizana. Lipidi yenye mikia ya asidi ya mafuta iitwayo linoleiki, kama ile ya soya, ikinyang'anywa haidrojeni inameza oksijeni, kisha inamnyang'anya jirani haidrojeni yake, na jirani anafanya vivyo hivyo. Mnyororo. Mchokozi mmoja, walioharibika ni wengi. Ndiyo kuchacha kwenyewe. Tunachotaka ni kichokoo kiwe mionzi na kisiwe kitu kingine.

Lipidi za Doxil zimejazwa haidrojeni ili zisichache kabisa. Tunafanya kinyume chake kwa makusudi, na fundi aliyeagiza vifaa aliniuliza mara mbili kama sijakosea fomu.

Wiki ya 5

Vifuko vya kwanza. Naeleza kwa urefu kidogo maana hatua hii naipenda.

Lipidi ya soya na kolesteroli zinayeyushwa pamoja, kiyeyushi kinakaushwa kwa mkondo wa nitrojeni mpaka chupa inabaki na ngozi nyembamba ndani yake, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Unamimina amonia salfeti, unatikisa, maji yanageuka meupe mazito. Kisha sindano mbili zinatazamana, katikati kuna chujio lenye vitundu vya nanomita 100. Unasukuma kulia, unasukuma kushoto, mara 21. Lazima namba iwe witiri, ili maji yaliyochujwa yaishie upande ambao uchafu wa mwanzo haukuwepo. Mara kumi za kwanza kidole gumba kinauma. Baada ya hapo sindano inalainika, na weupe ule mzito unageuka kuwa ukungu wa samawati ukiushika mbele ya taa. Mashine ya kupimia ukubwa iliniambia nanomita 112. Nilishajua kwa kidole.

Kuingiza dawa ni ujanja wa zamani. Nje ya kifuko unaondoa amonia salfeti, ndani inabaki. Doksorubisini inapenya utando, inakutana na salfeti, inaganda kama chumvi na haiwezi kutoka tena. Halafu unapitisha yote kwenye safu ya jeli: vifuko vyekundu vinashuka upesi kama mstari mmoja, dawa iliyokosa nafasi inabaki nyuma, juu, ikisitasita. Nilikusanya mstari ule wa kwanza kwenye mirija iliyofungwa kwa foili. Doksorubisini haipendi mwanga.

Uzuri wa dawa hii ni kwamba inajitangaza yenyewe. Ikiwa imebanana ndani ya kifuko mng'ao wake umezimika. Ikitoka nje inawaka rangi ya chungwa ukiipiga mwanga wa buluu. Kwa hiyo kipimo cha uvujaji ni rahisi: soma mng'ao, kisha mwaga tone la sabuni ya maabara, Triton X-100, lipasue kila kifuko, soma tena. Huo wa pili ndio mia kwa mia.

Vinavuja kiasi hata bila kuguswa. Lango jepesi kufunguka halifungi sawasawa. Nimeongeza kolesteroli, imesaidia.

Wiki ya 6

Kabla ya kuamini kitufe cha mashine kilichoandikwa "Gy", alama ya grei, tulipima wenyewe. Kipimo cha Fricke: chuma cha aina ya feri ndani ya asidi, mionzi inakigeuza kuwa feriki, na feriki inanyonya mwanga wa nanomita 304. Kila grei moja inapandisha usomaji kwa kama 0.0035 tu kwenye kisanduku cha sentimita 1, hivyo inabidi upige makumi ya grei ndipo uone kitu cha maana.

Usomaji wa kwanza ulikuwa juu mno. Mzee fundi wa mashine alinisikiliza nikiilaumu mashine yake, akanywa chai yake mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mashine haina neno. Vyombo umeoshea nini?" Sabuni. Mabaki ya kitu chochote chenye kaboni huongeza idadi ya chuma kinachogeuka. Nilichoma vyombo vya kioo kwenye tanuri, nikarudia, na namba zikakaa zinapotakiwa. Tuligundua pia kwamba mirija ya pembeni mwa sahani inapata dozi ndogo kuliko ya katikati. Tumechora duara kwa kalamu ya wino mzito. Hakuna mrija kuwekwa nje ya duara.

Wiki ya 7

Jumanne: imefunguka! Grei 10, mng'ao juu, mirija ya ulinganisho, ile isiyopigwa mionzi, imetulia. Nikapiga picha ya mchoro nikaituma kwa kundi zima.

Alhamisi: aibu. Dada yetu wa fizikia ya mionzi aliuliza swali moja, "Ile ya ulinganisho ilikuwa wapi wakati nyingine zinapigwa?" Kwenye barafu. Zile zilizopigwa zilikaa ndani ya mashine dakika zaidi ya ishirini, joto la chumba, pamoja na kutembezwa ukumbini kwenda na kurudi. Nilikuwa napima uvujaji wa matembezi.

Kuanzia leo mirija ya ulinganisho inaingia ndani ya mashine, inakaa muda ule ule, mlango unafungwa, ila kitufe hakibonyezwi. Nilirudia kwa utaratibu huo. Mistari miwili ikalaliana. Hakuna tofauti hata kidogo.

Wiki ya 8

Siku nne nimekaa na mistari miwili iliyolaliana. Grei 10, grei 20, hakuna.

Jibu lilikuwa kwenye lebo ya chupa niliyoishika kila siku. Bafa yetu, maji yenye asidi iliyodhibitiwa ambamo vifuko vinaelea, niliinakili kutoka kwenye mapishi ya kawaida ya liposomu: histidini (amino asidi), na sukari ya mezani asilimia 10 ili kulinganisha msukumo wa maji ndani na nje. Asilimia 10 ni karibu milimola 300 za sukari. Lipidi ni milimola 1. Radikali ya haidroksili haichagui. Inamshika wa kwanza kukutana naye, na kila ilipogeuka ilikutana na sukari. Kwa kasi zinazojulikana za mwitikio huo, lipidi ilikuwa inaambulia kama asilimia moja. Nilikuwa nimejenga mtego wa panya, kisha nikauzungushia mahindi gunia zima.

Niliipeleka habari hii kwa msimamizi nikitegemea karipio. Alicheka. Alisema aliwahi kupoteza mwaka kwa ethanoli iliyobaki kwenye kiyeyushi, nayo pia hula haidroksili.

Tumebadilisha: chumvi ya kawaida na fosfeti kidogo. Fosfeti haina hamu na haidroksili, na kloridi kwenye maji yasiyo na asidi huimeza na kuitema. Msukumo wa maji unabaki sawa.

Wiki ya 9

Inafunguka. Safari hii naandika polepole.

Mirija sita ikipigwa, sita ikikaa ndani bila kupigwa, mpangilio umechanganywa na mtu mwingine ili nisijue ipi ni ipi. Kwenye grei 10 mng'ao unapanda waziwazi kuliko wa ulinganisho. Kwenye grei 2 unapanda kidogo, ila unapanda. Na unaendelea kupanda baada ya mashine kuzimwa. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko ukubwa wake. Kama ingekuwa tofali moja kwa risasi moja, kuvuja kungekoma mionzi inapokoma. Huku kuendelea ndiyo alama ya mnyororo.

Tulihakikisha kwa njia nyingine. Lipidi iliyoanza kuchacha hunyonya mwanga wa urujuanimno karibu na nanomita 234, na huko nako usomaji umepanda. Kisha tukaweka vitamini E kidogo kwenye utando. Vitamini E ndiyo polisi wa mnyororo huu. Mistari ikarudi kulaliana.

Kuna mtego mwingine niutaje: haidroksili inaishambulia pia doksorubisini yenyewe na kuizimia mng'ao. Kwa hiyo kila mrija unalinganishwa na mia kwa mia ya mrija huo huo baada ya Triton, si ya mrija mwingine. Bila hivyo ungedhani dawa imebaki ndani kumbe imekufa.

Wiki ya 10

Tumejaribu kasi. Dozi ile ile ya grei 10, mara moja kwa kasi kamili, mara nyingine polepole kwa kupunguza mkondo wa umeme na kusogeza sahani mbali. Kila moja na mirija yake ya ulinganisho ya muda sawa, nimeshakoma.

Polepole inafungua zaidi.

Kwa mtu wa mitaani ni kichekesho: mionzi ile ile, ukiimwaga kidogo kidogo inadhuru utando kuliko ukiimwaga kwa mpigo. Abram Petkau aliliona jambo hili Kanada mwaka 1972 kwenye utando wa lipidi. Sababu yake si ngumu. Radikali zikiwa nyingi kwa wakati mmoja zinakutana zenyewe kwa zenyewe na kumalizana. Zikiwa chache na zimetawanyika, kila moja inapata nafasi ya kuendesha mnyororo mrefu kabla ya kukutana na mwenzake.

Ni matokeo mazuri, nayo ni habari mbaya. Mashine za hospitali zinatoa grei kadhaa kwa dakika. Mgonjwa analala, boriti inawaka kwa dakika moja au mbili, anaamka. Hakuna atakayemlaza saa nane kwa ajili ya kifuko chetu. Iko tiba ya vyanzo vinavyopandikizwa ndani ya uvimbe na kutoa mionzi taratibu kwa siku nyingi, kama zile mbegu za iodini-125 za tezi dume. Pengine mahali petu ni huko. Nimelipigia mstari kwenye daftari la kweli.

Wiki ya 11

Wiki ya hasara. Kundi jipya la vifuko linavuja hata lisipopigwa. Nilifungua chupa ya lipidi ya soya iliyokuwa kwenye friza na pua ikanipa jibu kabla ya mashine: mafuta ya kukaangia yaliyosahaulika. Mtu alifungua, akatumia, akafunga bila kujaza nitrojeni. Mtu huyo ni mimi, tarehe iko kwenye kifuniko kwa mwandiko wangu.

Sasa tunagawa lipidi kwenye vichupa vya kutumia mara moja.

Wiki ya 12

Serumu, yaani maji ya damu yasiyo na seli. Nimeiogopa tangu ile wiki ya sukari.

Ndani ya mwili hakuna maji matupu. Kuna albumini, kuna glukosi, kuna uriki, kuna vitamini C, na kila mmoja amekaa mlangoni akisubiri haidroksili. Ndani ya seli radikali hiyo huishi kwa nanosekunde na haifiki mbali, nanomita chache tu. Tulichanganya vifuko na serumu ya ndama, nusu kwa nusu, tukapiga grei 10.

Karibu yote tuliyoyapata wiki ya 9 yameondoka. Kilichobaki kiko ndani ya tetemeko la vipimo. Na serumu yenyewe, bila mionzi, inavujisha vifuko taratibu kwa sababu protini zinachokonoa utando.

Sijashangaa. Lakini nilikaa maabara hadi taa za ukumbini zikazimika zenyewe, nikarudia mirija mitatu, na ilikuwa vile vile.

Oksijeni nayo ina neno lake. Tulipopitisha nitrojeni kuiondoa, hata kwenye chumvi tupu mnyororo ulikufa, maana unaishi kwa oksijeni. Sasa sehemu nyingi za ndani ya uvimbe zina oksijeni kidogo, na ndizo hizo hizo mionzi inazishindwa zaidi. Lango letu linafunguka vizuri mahali ambapo mionzi peke yake ingetosha. Wale wanaotumia elektroni, kama wa Kyoto, wako upande wa pili: oksijeni ndiyo huwanyang'anya elektroni yao, hivyo pasipo oksijeni wao ndipo wanapofanikiwa. Nimeanza kuwaonea wivu.

Wiki ya 13

Kikao kirefu. Naandika hoja, si maneno yote.

Hoja ya kwanza ni ya dada wa fizikia. Kama haidroksili ya nje haifiki, izaliwe ndani ya utando wenyewe au ukutani kwake. Chembe za elementi nzito hunasa eksirei kuliko maji na kutema elektroni pale pale zilipo. Dhahabu ilionyeshwa kwa panya mwaka 2004, na chembe za hafniamu oksidi zimeshafika kwa wagonjwa wa sarkoma, saratani ya tishu laini kama misuli na mafuta, zikapata kibali cha Ulaya mwaka 2019. Lakini aliongeza mwenyewe, kwa haki, kwamba faida hiyo ni kubwa kwa eksirei laini za mashine yetu ya maabara na hupungua sana kwa zile kali za megavolti zinazotumika kwenye tiba. Tukipata mchoro mzuri hapa, tusikimbilie kuutangaza.

Hoja ya pili ni yangu. Sisi tunatafuta kikuzaji, kitu ambacho mionzi ikikigusa kidogo kinafanya kazi kubwa. Mnyororo wa lipidi ni kikuzaji kimoja, na seli ina cha kwake. Seli iliyopigwa mionzi ikiamua kujiua inaamsha kimeng'enya, kaspezi-3, ambacho hukata protini baada ya protini bila kuchoka. Kinatambua mfuatano wa amino asidi nne: aspatiki, glutamiki, valini, aspatiki. Ukiifunga doksorubisini kwa kamba hiyo fupi, kimeng'enya kinaikata, dawa inatoka, inaua seli ya jirani, nayo inaamsha kaspezi yake. Watafiti wa Korea Kusini wameshaitembea njia hiyo kwa wanyama. Hapa mionzi inawasha tu. Kazi ya kufungua inafanywa na uvimbe wenyewe, na serumu haina la kusema.

Msimamizi alinikata: "Na utumbo?" Kweli. Seli za utumbo na za uboho hujiua kila siku bila kupigwa mionzi na mtu. Kamba itakatwa huko pia. Tena haifunguki papo hapo. Kujiua kwa seli kunachukua saa nyingi, wakati mwingine siku, na ndani ya muda huo dawa iliyofungwa lazima iwe bado inazunguka.

Hoja ya tatu ilitoka kwa mwanafunzi mpya, aliyeomba radhi mara tatu kabla ya kuisema. Kwa nini tunaweka dawa kwanza halafu mionzi? Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba uvimbe uliopigwa mionzi siku chache kabla hupokea chembe nyingi zaidi, kwa sababu makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu, hujikusanya kando ya mishipa na mishipa inapasukapasuka na kumwaga vilivyomo. Tukikumbuka uchambuzi mmoja wa mwaka 2016, uliokuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo hufika kwenye uvimbe, basi kugombana kuhusu lango wakati ghala halijafika mjini ni mchezo wa watoto.

Kimya kilikuwa kirefu. Hilo swali tulipaswa kuliuliza wiki ya 1. Tiba yenyewe ni grei 2 kila siku, siku tano kwa wiki. Mionzi ya Jumatatu inaweza kuita vifuko, ya Alhamisi ikavifungua. Ratiba ya hospitali inatupa hilo bure.

Wiki ya 14

Tumegawana. Dada wa fizikia na mimi tunaweka chembe ndogo za dhahabu kwenye utando na kurudia jaribio la serumu. Safari hii tutaomba nafasi ya usiku kwenye mashine ya megavolti ili tuone mapema kama faida inayeyuka. Msimamizi ameagiza kamba ya kaspezi, itachukua wiki kadhaa kufika. Mwanafunzi mpya amepewa swali lake mwenyewe: vifuko kwanza au mionzi kwanza, akianzia kwenye seli za sahani kabla ya mtu yeyote kufikiria mnyama.

Mirija ya kesho nimeshaiandika. Kumi na mbili, foili juu, serumu nusu, bila sukari. Sita zina alama ya D kwa dhahabu. Mtu mwingine atazichanganya asubuhi kabla sijafika, na mzee fundi amesema duara la wino limefutika upande mmoja, nije na kalamu.